Upasuaji wa watoto wakati wa korona: "si dharura" si sawa na "si lazima"



Ramadhani ya mwaka 2021, usiku mmoja baada ya tarawehe, jirani yangu alinibishia hodi, bintiye amembeba mgongoni na kadi ya kliniki ameishika mkononi. Mtoto ana miezi 14. Alizaliwa na mdomo uliopasuka pamoja na kaakaa, ile hali ambayo wengi wetu huita mdomo wa sungura, jina ambalo mamake halipendi na mimi sitalitumia tena. Mdomo ulishonwa Novemba 2020. Kaakaa bado. Akinywa maziwa, mengine hutokea puani. Sasa hospitali imempa tarehe ya baada ya Idd, lakini nesi aliyempigia simu alimwambia pia kwamba kwa vile maambukizi yamepanda, mzazi anayeogopa anaweza kuomba asogezwe mbele.

"Baba Aisha, mimi naogopa," akaniambia. "Hebu soma hii."

Akanionyesha ujumbe kwenye simu, ule uliokuwa ukizunguka kila kikundi, uliosema kwamba mtu akipasuliwa naye ana korona, mmoja kati ya wanne hufa. Chini yake kuna picha ya jeneza na maneno mekundu ya kuwaonya wazazi wasipeleke watoto hospitali.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku mbili nisome na niulize. Makala haya ndiyo niliyoyapata katika siku hizo mbili, na nimeyaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza. Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya ununuzi na ugavi, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhesabu bidhaa zinazoingia ghalani na zinazotoka. Lakini nina sababu nyingine ya kulijali jambo hili, na kwa ruhusa ya dadangu nitaieleza.

Dadangu anakaa Kisauni. Mwanawe wa kiume alizaliwa mwishoni mwa 2019, na akiwa na miezi miwili alionekana na uvimbe kwenye kinena ukitokea akilia na kupotea akilala. Ngiri, au mshipa kama wanavyosema wazee. Daktari aliithibitisha, akaandika tarehe ya upasuaji: Aprili 2020. Tarehe 13 Machi waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi huo kwisha tukawa na kafyu. Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na Mei ikaja zamu ya Mji wa Kale kufungwa peke yake. Upasuaji wote usio wa dharura hospitalini kwao ukasimamishwa. Kwenye kadi ya mtoto likaandikwa neno la Kizungu ambalo, ukilitafsiri haraka haraka, ni "wa hiari".

Dadangu akalisoma vivyo hivyo. Akasema, basi kama ni hiari, tutangoja. Akangoja Mei, akangoja Juni, akangoja Julai. Kila akipiga simu anaambiwa bado, na kwa kweli hakusukuma sana, kwa sababu neno lenyewe lilimwambia halina haraka.

Usiku mmoja wa Agosti, yapata saa nne na nusu, uvimbe ulitoka na haukurudi. Mtoto analia kilio ambacho mamake anasema hajawahi kukisikia, anatapika, na pale kinenani pamekuwa pagumu na pekundu. Kafyu wakati ule ilianza saa tatu. Shemeji yangu alimwamsha kijana wa tuktuk, wakavuka daraja la Nyali na kusimamishwa na polisi, wakamuonyesha mtoto, wakaachiwa. Alipasuliwa alfajiri. Alhamdulillah utumbo ulikuwa mzima. Korodani ya upande ule haikuwa na bahati hiyo: damu ilikuwa imebanwa muda mrefu, na miezi michache baadaye ikasinyaa. Ana moja sasa. Madaktari wanasema moja yatosha, na in shaa Allah itatosha. Ila upasuaji wa Aprili ungechukua saa moja, mchana, mtoto akarudi nyumbani jioni. Huu wa Agosti ulifanywa usiku, kwa dharura, bila kipimo cha korona kwa sababu hapakuwa na muda wa kukingojea, na timu nzima ikiwa hatarini zaidi kuliko ambavyo ingekuwa miezi minne nyuma.

Mtoto alisogezwa mbele ili yeye na wauguzi wawe salama. Kila mtu akaishia katika hatari kubwa zaidi.

Simlaumu mtu kwa Machi na Aprili mwaka ule. Tukumbuke tulikuwaje. Barakoa zilikuwa zinatafutwa kama dhahabu, vipimo vilikuwa vichache, hakuna aliyejua maradhi haya yanakwendaje kwa mtoto, na kutoka Italia tulikuwa tunaona picha za majeneza. Ulimwengu mzima ulifanya hivyo. Watafiti wa mtandao uitwao COVIDSurg walikadiria mwezi Mei 2020 kwamba katika wiki 12 za kilele peke yake, upasuaji wa kupangwa zaidi ya milioni 28 ungeahirishwa au kufutwa duniani. Na hapa ndipo mtu wa ghala kama mimi anapofungua macho, kwa sababu walikadiria pia muda wa kumaliza mrundikano huo. Nchi zikiongeza kazi ya upasuaji kwa asilimia 20 juu ya kawaida, ingechukua kama wiki 45. Unasimama wiki 12, unalipa wiki 45. Na hiyo ni kwa nchi zenye uwezo wa kuongeza hiyo asilimia 20. Sisi Disemba hatukuongeza kitu. Wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, madaktari nao wakagoma kwa siku kadhaa, wakidai miongoni mwa mengine vifaa vya kujikinga na bima. Madai yao yalikuwa ya haki. Lakini foleni ya watoto iliongezeka tena.

Na tusisahau kwamba foleni hii haikuanza na korona. Makadirio yaliyochapishwa 2019, kabla ya janga, yalisema watoto na vijana wapatao bilioni 1.7 duniani hawafikii huduma salama ya upasuaji wanayoimudu, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Pwani yetu mzazi wa Lamu au Tana River anajua vizuri maana ya kusafiri siku nzima kumfuata daktari mmoja wa watoto. Mzazi huyo ukimwambia "rudi mwezi ujao", umemwambia atafute nauli upya.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa jirani yangu, ule wa mmoja kati ya wanne.

Namba hiyo haikubuniwa. Inatoka kwa COVIDSurg hao hao, katika jarida la Lancet, Mei 2020. Waliwafuatilia wagonjwa 1,128 katika hospitali 235 za nchi 24, na asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30. Lakini soma ni akina nani. Hawa ni watu waliothibitishwa kuwa na korona siku chache kabla au muda mfupi baada ya upasuaji, wengi wao watu wazima na wazee, na walio wengi walipasuliwa kwa dharura: mfupa wa nyonga uliovunjika, utumbo uliopasuka, saratani. Namba hiyo haimuelezei mtoto wa miezi 14 mwenye afya, ambaye hana virusi, anayekwenda kushonwa kaakaa. Watoto kwa jumla huugua korona kwa wepesi kuliko sisi, ingawa wachache hupata madhara makali, na wapo wanaovimba viungo vya ndani wiki kadhaa baadaye. Aliyekata sentensi moja kutoka kwenye utafiti na kuweka jeneza chini yake amewadhulumu kina mama wengi.

Kilichomo ndani ya namba hiyo, na ambacho ujumbe haukusema, ni kwamba jambo la kuepuka ni kumpasua mtu akiwa na virusi mwilini au punde tu baada ya kuugua. Mwezi Machi 2021 watafiti hao walitoa kazi kubwa zaidi, wagonjwa 140,231 katika nchi 116, wakaona kwamba hatari hupanda kwa aliyepasuliwa ndani ya wiki sita tangu aambukizwe, na kuanzia wiki ya saba hurudi karibu na kawaida. Kwa hiyo mtoto akikutwa na korona upasuaji usio wa haraka hungojeshwa, na daktari ndiye atakayesema muda gani kwa umri wake. Hilo ni tofauti na kuwafungia mlango watoto wote ambao hawana.

Neno "wa hiari" liondoke kwenye vinywa vyetu. Upasuaji huu ni wa kupangwa. Maana yake tu ni kwamba unaweza kuchagua siku. Huwezi kuchagua mwaka. Na kila hali ina saa yake. Ngiri ya kinena kwa mtoto mchanga ina saa fupi mno: utafiti mmoja wa Kanada wa 2008 ulionyesha kwamba mtoto mchanga akingojeshwa zaidi ya siku 14 tangu kutambuliwa, hatari ya ngiri kubanwa huwa karibu maradufu. Laiti dadangu angeambiwa hilo. Korodani ambayo haikushuka inatakiwa kushushwa kati ya miezi 6 na 18. Kaakaa hushonwa kabla mtoto hajazoea kusema, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kwa sababu akishajifunza kutoa sauti puani, kumrudisha ni kazi ya miaka. Mguu uliopinda huanza kufungwa plasta tangu wiki za mwanzo. Mtoto wa kichwa maji ana siku tu, na huyo hata hatakiwi kuitwa wa kupangwa.

Upande wa pili yapo yanayongoja bila dhara, na hayo nayo tuyaseme. Kitovu kilichotokeza, ambacho nusu ya mtaa wangu unacho, mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya mtoto kufika miaka minne au mitano. Tohara, wazazi wenzangu, inaweza kungoja. Najua likizo ni fursa, najua babu amesema, najua tayari nguo imeshonwa. Lakini ikiwa mtoto hana matatizo ya kukojoa wala maambukizi, hakuna ubaya kumpeleka baada ya wimbi kushuka, na nafasi yake ikachukuliwa na mwenye ngiri. Mafindofindo yako katikati: anayeumwa koo mara mbili kwa mwaka angoje, anayekoroma mpaka pumzi inakatika usingizini asingoje. Daktari ndiye wa kupanga mistari hii, ila mzazi ana haki ya kuuliza mwanangu yuko mstari gani.

Usalama wenyewe unapatikanaje? Hili niliuliza kwa mtaalamu wa nusukaputi ninayemfahamu, ambaye hakutaka jina lake litoke, na nilipata somo ambalo sikulitarajia.

Hatari kubwa, alisema, haiko kwenye kisu. Iko kwenye pumzi. Mtoto anapolazwa na kuingizwa mpira wa kupumulia kooni, na anapotolewa mpira huo, hukohoa na kutoa matone madogo sana yanayoelea hewani. Aliye karibu zaidi ni yeye wa nusukaputi, uso kwa uso. Ndiyo maana kaakaa na mafindofindo ni upasuaji wa hatari zaidi kwa wafanyakazi kuliko ngiri: daktari anafanya kazi ndani ya mdomo wenyewe. Kwa ngiri wakati mwingine huweza kuongeza ganzi ya mgongoni na kupunguza kuchezea koo. Kwa kaakaa hakuna njia ya kando.

Kinachosaidia ni hewa kubadilishwa. Chumba kizuri cha upasuaji hubadilisha hewa yake yote mara 20 kwa saa. Kwa mwendo huo, dakika kama 14 zinatosha kuondoa asilimia 99 ya matone yanayoelea, na dakika 21 kufikia asilimia 99.9. Kwa hiyo wakati ule timu ilimlaza mtoto wakiwa wachache, wamevaa barakoa za N95 na vikinga uso, wengine wakisubiri nje mpaka muda huo upite. Chumba kinachobadilisha hewa mara sita tu kwa saa kinahitaji dakika 46 kwa kazi hiyo hiyo. Kisha akacheka akaniuliza, "Na je, ile AC ya ukutani?" Nikasema si inapoza hewa. Akasema ndiyo, inapoza hewa ile ile na kuizungusha. Haileti hewa mpya. Hospitali ndogo ndogo zetu za pwani, ambazo joto limezilazimisha kufunga madirisha na kuwasha AC, ziliangalie sana jambo hili. Si lazima mitambo ya mamilioni. Mara nyingi ni fundi wa kupima na feni ya kutoa hewa nje.

Kabla ya kufika hapo kulikuwa na maswali na kipimo. Mtoto na anayemlea waliulizwa kuhusu homa, kikohozi, kuonana na mgonjwa katika siku 14 zilizopita. Kisha kipimo cha puani ndani ya siku tatu kabla ya upasuaji. Hapa ipo fundo moja kwa watoto wa kaakaa: pua zao hutiririka karibu kila siku, na masikio yao huugua mara kwa mara. Ukiwachuja kwa mafua tu, hawatapasuliwa maisha yao yote. Mzazi aeleze ni kipi cha kawaida kwa mwanawe na kipi kimezidi. Mafua mapya yenye homa, hata kama si korona, ni sababu halali ya kuahirisha wiki chache, kwa sababu koo lililochokozwa linaweza kujibana akiwa usingizini. Hilo lilikuwepo kabla ya korona na litabaki.

Ndani ya wadi, mzazi mmoja tu. Naye apimwe au aulizwe sawa na mtoto. Mtoto wa umri huu havalishwi barakoa. WHO na UNICEF walisema mwaka 2020 kwamba wa miaka mitano na chini wasilazimishwe. Wa kwanza asubuhi wawe wale wadogo, na wanaoweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo warudi. Na jambo jipya la 2021 ambalo hatukuwa nalo 2020: chanjo zilifika nchini mwezi Machi na wahudumu wa afya walikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mzazi anaweza kuuliza kwa adabu ikiwa timu imechanjwa. Si utovu wa heshima.

Nusu nyingine ya usalama iko nyumbani kwetu, na hapa wapwani tunashindwa. Kipimo kikitoka hakina korona Jumamosi, na Jumapili mtoto akapelekwa futari kwa bibi yake walikojaa watu 30, kipimo hicho ni karatasi tu. Siku zile chache kabla ya upasuaji, nyumba ijifunge: hakuna harusi, hakuna hitma, baba akaswalie nyumbani, na binamu wasije kumbeba. Najua jinsi nyumba zetu zilivyo, familia tatu kwenye ua mmoja na jiko moja. Basi angalau mama na mtoto wapewe chumba chenye dirisha na chakula chao kipelekwe.

Na baada ya upasuaji kuna desturi yetu nzuri ya kumtazama mgonjwa. Mtoto anarudi saa kumi jioni, saa moja ukumbi umejaa shangazi na mabakuli ya uji. Wakati wa wimbi tumtazame kwa simu kwa wiki mbili. Bakuli la uji linaweza kuachwa mlangoni, thawabu haipotei.

Nina neno pia kuhusu kufunga, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani na nilisikia mengi. Mtoto anayepasuliwa hafungi saumu. Anaachwa na tumbo tupu ili asitapike akiwa usingizini, na kuna hesabu yake: chakula kizito na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa sita kabla, maziwa ya mama, saa nne, maji matupu, saa mbili. Nimekutana na mama aliyemnyima mwanawe hata maji tangu daku mpaka saa saba mchana, akidhani ndiyo bora zaidi. Mtoto mdogo kwenye joto la Mombasa hukauka haraka, sukari ikashuka, na mshipa wa kutundikia dripu haupatikani. Uliza saa yako, uiandike, uifuate, na ikiwa foleni imechelewa, mkumbushe nesi.

Sasa kwa wakubwa. Wimbi la tatu lilituchapa mwaka 2021. Mwezi Machi mwaka huo kulikuwa na siku ambapo zaidi ya watu 20 katika kila 100 waliopimwa nchini walikutwa na virusi, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akafunga kaunti tano, Nairobi ikiwemo. Sisi hatukufungwa, lakini vitanda na oksijeni vilikuwa habari ya kila siku. Naelewa kwa nini msimamizi wa hospitali atavutika tena kuandika ilani moja getini: hakuna upasuaji isipokuwa dharura. Ni rahisi, na hakuna atakayemlaumu. Tatizo ni kwamba gharama yake haikuonekana kwenye takwimu ambazo wizara ilitoa kila jioni wakati ule. Korodani moja ya mtoto wa Kisauni haitangazwi kwenye runinga.

Hoja ya uhaba naiheshimu, kwa hiyo tuichambue kama mali ghalani. Mtoto wa ngiri hahitaji kitanda cha uangalizi maalumu, oksijeni anayotumia ni ya saa moja, analala nyumbani. Kinachokosekana kikweli, aliniambia yule mtaalamu, ni watu wa aina yake: wao ndio wanaolaza wagonjwa thietani, na ni wao hao wanaoitwa kusimamia mashine za kupumulia wagonjwa wa korona. Ukiwa nao watatu na wawili wako kwenye korona, thieta inafungwa hata kama vifaa vyote vipo. Hapo nakubali kupunguza. Lakini kupunguza ni kuchagua, na kuchagua kunahitaji orodha.

Hiyo orodha ndiyo ninayoiomba. Kila hospitali ya kaunti inayopasua watoto iwe na daftari moja la wanaongoja, limepangwa kwa saa ya kila maradhi badala ya nani alipiga simu mara nyingi au nani anamjua nani. Siku moja kwa wiki itengwe kwa watoto, mlango wao usiwe ule wa wagonjwa wa kikohozi. Mzazi anayeahirishiwa aambiwe kwa maneno: dalili hizi ukiziona, usingoje tarehe, njoo usiku huo huo. Dadangu hakuambiwa. Na gharama ya kipimo isiachiwe mzazi. Mwaka 2020 rafiki yangu aliambiwa alete shilingi elfu nane za kipimo kabla ya upasuaji ambao bima ya wakati ule, NHIF, ingeulipia; alikuwa anachanga 500 kila mwezi bila kukosa, akashindwa na hizo elfu nane, akarudi nyumbani na mtoto. Kamati ya afya ya bunge la kaunti inaweza kulijadili hilo kwa siku moja. Wawakilishi wetu wanaosoma ukurasa huu, nanyi najua mnausoma, ulizeni daftari hilo lina watoto wangapi, na wa kwanza alianza kungoja lini.

Nilirudi kwa jirani yangu jana. Sikumwambia aende wala asiende. Nilimpa maswali matano ya kumpigia nesi. Je, mwanangu akisogezwa miezi mitatu, usemi wake utaathirika? Tutapimwa lini na nani atalipa? Thieta yenu inabadilisha hewa vipi? Timu imechanjwa? Na akipata homa siku ya mwisho, tarehe nyingine ni lini, iandikwe kwenye kadi, siyo "tutakupigia"?

Alipiga mbele yangu, simu kwenye spika. Nesi alijibu manne vizuri na bila kukasirika. La hewa akasema hajui, atauliza. Baada ya nusu saa alipiga yeye mwenyewe: kuna feni ya kutoa hewa, na wanangoja dakika 30 kati ya mtoto na mtoto. La usemi alikuwa wazi kabisa: kwa miezi yake 14, wasingependa angoje.

Mama ameamua kwenda. Kipimo ni Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, saa tatu asubuhi, na bibi ameshaambiwa kwamba mwaka huu mjukuu haendi kula pilau ya sikukuu kwake. Amenuna kidogo. Nimeahidi tuktuk, madirisha wazi.